MJADALA: Waliobebeshwa mizigo Vita Kuu ya Kwanza, tuwaandike majina kwenye ubao au tuwaache hivyohivyo?

Wadau habarini, hili jambo linanikaa kooni muda mrefu, leo naliweka mezani. Kuna wanaotaka kila kata iliyotolewa watu Vita ya 1914-1918 iwe na ubao wa majina, ukae ofisi ya kata au shuleni. Na kuna wanaopinga, wanasema ile vita ilikuwa ya Mwingereza na Mjerumani, waligombana kwao wakaja kumalizia huku, sasa tumuenzi mtu aliyemtumikia mkoloni kwa lipi? Mimi niko upande wa ubao ila nina sharti langu, nakuja nalo.

Anzia pale Posta, Dar es Salaam, Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Wengi tunapita kila siku hatusomi. Pale chini imeandikwa ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba hata ukifa ukiipigania nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Nairobi iko nyingine yenye maneno hayohayo. Zunguka lote tafuta jina la mpagazi hata mmoja, hulioni! Halafu nenda makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo uone mawe yalivyopangwa, mtu na jina lake na tarehe yake.

Na wapagazi hawakuwa wachache jamani. Mbung'o walimaliza punda na ng'ombe kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani kwa mtu, kutoka pwani mpaka Rufiji na huko kusini, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo yetu jina lake limetoka kwa hao hao, ile Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, kambi yao ilikuwa hapo. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na haikuwa bahati mbaya, maana Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, msimamo wake ulikuwa makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Sasa anayesema tusiwaandike kwa kuwa walikuwa wa mkoloni, aangalie vizuri, anamalizia kazi ya yuleyule mkoloni.

Sharti langu ni hili. Wenzetu Australia shule na kumbi zao zimejaa hizi mbao, zinataja mpaka waliorudi wazima, kwa sababu kule kila aliyeenda ng'ambo kupigana Vita ya Kwanza alijiandikisha mwenyewe, serikali iliomba kura ya kulazimisha watu 1916 na 1917 wananchi wakakataa mara zote mbili. Huku kwetu nani aliulizwa? Kenya ilitungwa sheria 1915 ya kuchukua watu kwa nguvu na 1917 wakazoa vijiji na vijiji. Upande wa Mjerumani hivyohivyo, watu walikamatwa wakabebeshwa. Kwa hiyo tukiiga ubao wa Australia na neno lake la kujitolea tutakuwa tumeandika uongo. Mbele ya kila jina liwekwe neno: ALIJIANDIKISHA au ALIKAMATWA. Na tusiuite ubao wa mashujaa.

Hapo kuna hoja moja ya wapinzani ambayo kweli inaniuma. Baadhi ya askari Waafrika wa Mjerumani ndio walewale waliochoma maghala ya chakula kusini wakati wa Maji Maji 1905-1907. Mtu wa Songea ambaye ukoo wake uliisha kwa njaa ile, unamwambia asimame mbele ya jina la askari huyo? Siwezi kumlazimisha, na kata kama hiyo ikiamua iwaandike wapagazi peke yao nitawaelewa kabisa. Lakini mpagazi alimkosea nani?

Mtasema majina tutayatoa wapi baada ya miaka zaidi ya mia. Kwa wazee, na tumechelewa sana. Bibi yangu alikuwa anasimulia baba yake alivyofungwa kamba shambani akiwa na jembe mkononi, hakurudi, hakuna kaburi, bibi alikuwa bado mgongoni. Jina lake ninalo na kijiji ninakijua. Wiki ijayo nalipeleka kwa mtendaji wa kata kwa maandishi, mbele yake nimeandika ALIKAMATWA. Wewe unayepinga niambie, huyu nimnyime ubao kwa kosa gani?