Majirani Shibale (Siasa Hapana, Fowadi Hapana)

[05:48] Mama Nafula: *Imesambazwa mara nyingi* UJUMBE WA MAMA MARIA KWA KENYA. Siku tatu za giza zinakuja. Hakuna jua, hakuna stima, hakuna simu. Mishumaa ya kawaida haitawaka, ila ile iliyobarikiwa. Fungeni madirisha. Msifungulie mtu hata akiita kwa sauti ya mama yako mzazi. Tuma kwa watu 12 kabla ya saa sita usiku. Mmoja alipuuza akapoteza ng'ombe wawili.

[05:55] Mwenyekiti: Mama Nafula, jina la kikundi umelisoma?

[05:56] Mama Nafula: Hii si fowadi Mwenyekiti. Ni onyo.

[05:57] Deno Boda: Siku tatu bila stima? Hapa kwetu hilo si giza la unabii, hiyo ni wiki ya kawaida 😂

[05:59] Mama Zamu: Mimi nauliza tu, hao ng'ombe wawili walikuwa wa nani? Tuanzie hapo.

[06:03] Mama Pasta: Yesu anatosha. Nimesema na nitasema.

[06:04] Mwalimu Katekista: Asubuhi njema na wewe pia, Mama Pasta.

[06:10] Kukhu Rosa: Mulembe. Ni Brayo naandika. Kukhu anasema yeye ameshanunua mishumaa. Minne. Jana sokoni.

[06:11] Mwenyekiti: Mulembe Kukhu. Ya bei gani?

[06:11] Kukhu Rosa: Brayo hapa. Mia tatu tatu.

[06:12] Deno Boda: 1,200!!

[06:12] Mwenyekiti: Brayo, hiyo si pesa ya Kukhu ya kwenda hija ya Mama Maria kule Subukia?

[06:14] Kukhu Rosa: Ndiyo hiyo. Ameniambia nisiandike lakini nimeshaandika.

[06:20] Mama Nafula: Na si ajabu wanaouza ni hawa watu wa Legio, hao kila siku wana maono

[06:21] Mama Nafula: *Ujumbe huu umefutwa*

[06:29] Fundi Oduor: Nimeshausoma, Mama Nafula.

[06:30] Mwenyekiti: Tuheshimiane jamani. Hatujafika hata saa moja.

[06:38] Fundi Oduor: Sina hasira. Ila watu huchanganya, kwa hivyo niseme mara moja. Kuna Legio ya Maria, chama cha walei, yaani waumini wa kawaida Wakatoliki, kilichoanzia Dublin mwaka 1921. Hao ni wenu, hukutana parokiani kwenu kila wiki. Na kuna sisi, Legio Maria, kanisa lililotokea Nyanza miaka ya sitini na Baba Simeo Ondeto. Mlima wetu ni Got Kwer, Migori. Tunaamini Mama alikuja kwetu, Waafrika, kwa namna yake. Nyinyi hamkubali, sawa, hatugombani. Lakini mishumaa ya mia tatu sijauza, na mke wangu hajauza. Jana nilikuwa juu ya paa la Mwenyekiti mpaka jua linazama, na yeye ni shahidi.

[06:39] Mwenyekiti: Ni kweli. Na bado linavuja upande wa jikoni, lakini hayo tutaongea.

[06:41] Mama Zamu: 😂😂

[06:44] Mama Nafula: Fundi, nikutengenezee chai ukipita?

[06:45] Fundi Oduor: Ya maziwa.

[07:15] Mwalimu Katekista: Nimetoka kukamua nikakuta kikundi kimewaka kuliko hiyo mishumaa. Mtanivumilia, naandika kwa kidole kimoja.

Hadithi ya siku tatu za giza ni ya kale. Ilizunguka Ulaya tangu karne ya 19, kabla mapadri wa Mill Hill hawajafika hapa Mumias. Kila kizazi huivalisha nguo mpya, na sasa imevalishwa bendera ya Kenya. Kanisa halijawahi kuifanya mafundisho yake.

[07:16] Mama Nafula: Kwa hivyo Mwalimu unasema Mama Maria hatokei?

[07:19] Mwalimu Katekista: Mimi? Na rozari yangu imeisha rangi hivi? Sijasema hivyo. Nasema akitokea, haendi hivi. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 67 inaeleza kwamba hata yale maono Kanisa limeyakubali, Mama kutokea Lourdes kule Ufaransa au Fatima kule Ureno, hayaongezi kitu kwenye imani. Yanatusaidia kuiishi Injili, basi. Ukiwa huamini Fatima hakuna padri atakayekunyima komunyo.

[07:20] Mama Pasta: Hapo nimekusikia vizuri Mwalimu.

[07:20] Mwalimu Katekista: Usishangilie mapema.

[07:24] Mama Nafula: Lakini watoto wa Fatima nao walitoa maonyo. Mbona wao waliaminiwa?

[07:33] Mwalimu Katekista: Waliaminiwa lini? Lucia alikuwa na miaka 10 tarehe 13 Mei 1917 alipotokewa pamoja na binamu zake Francisco na Jacinta. Mama yake mwenyewe alimwona mwongo. Mwezi wa Agosti mkuu wa wilaya akawakamata watoto wote watatu akawafungia, ndiyo maana tarehe 13 ya mwezi huo hawakufika mahali pao. Askofu wa Leiria alikuja kukubali mwaka 1930. Hesabu mwenyewe.

[07:34] Kevo: Miaka 13.

[07:34] Mwalimu Katekista: Kumbe chuo kikuu kinasaidia.

[07:36] Kevo: Na Afrika Mwalimu? Ama anatokea kwa wazungu tu

[07:37] Mwalimu Katekista: Kibeho.

[07:37] Deno Boda: Hiyo iko Trans Nzoia?

[07:52] Mwalimu Katekista: Rwanda, Deno. Kusini. Na hii nitaieleza vizuri kwa sababu vijana hamjaisikia.

Tarehe 28 Novemba 1981, shule ya sekondari ya wasichana. Wakati wa chakula cha mchana. Msichana anaitwa Alphonsine Mumureke yuko kwenye ukumbi wa kulia, anawahudumia wenzake mezani. Anasikia sauti inamwita. Anauliza, wewe ni nani? Anajibiwa kwa Kinyarwanda: Nyina wa Jambo. Mama wa Neno.

Mnadhani wenzake walipiga magoti? Walimcheka. Wakasema anatafuta sifa, wengine wakasema ni mashetani. Aliyemsumbua kuliko wote aliitwa Marie Claire Mukangango. Machi mwaka uliofuata, Marie Claire huyo huyo akatokewa. Ndiye aliyepewa kazi ya kuwarudisha watu kwenye Rozari ya Mateso Saba, ile tunasali Kwaresima.

[07:53] Kevo: Wacha bana

[08:01] Mwalimu Katekista: Bado. Tarehe 15 Agosti 1982, Kupalizwa Mbinguni, watu wamejaa uwanjani. Wasichana wakalia kwa saa nyingi. Wakasema wanaona mto wa damu, watu wanauana, maiti zimelala bila wa kuzika. Hakuna aliyeelewa. 1994, mauaji ya kimbari, ndipo watu wakakumbuka. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka huo.

Na hata baada ya hayo yote Askofu hakukimbilia spika. Askofu Misago wa Gikongoro alitangaza kuyakubali tarehe 29 Juni 2001. Karibu miaka 20 tangu siku ya ule ukumbi wa chakula. Waliodai kutokewa walikuwa wengi. Waliokubaliwa ni wasichana watatu tu: hao wawili na Nathalie Mukamazimpaka.

[08:03] Mama Zamu: Subhanallah. Hii sikuijua.

[08:05] Mama Zamu: Na msifikiri Bibi Maryam ni wenu peke yenu. Kwetu ana sura yake nzima, ya 19, na ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani. Marehemu mama yangu aliisoma hiyo sura kila nilipokuwa mjamzito. Zamu, Hamisi, hata huyu wa mwisho.

[08:06] Mama Nafula: Kumbe!

[08:07] Mama Pasta: Huyu wa mwisho alihitaji maombi zaidi, juzi amevunja dirisha langu.

[08:08] Mama Zamu: Nitalipa Mama Pasta. Mwisho wa mwezi.

[08:20] Kevo: Mwalimu, na si Vatikani ilitoa taratibu mpya?

[08:31] Mwalimu Katekista: Ndiyo. 17 Mei 2024, wakati wa Papa Fransisko. Askofu akipata habari ya maono anachunguza na wataalamu, halafu lazima apeleke Roma kabla ya kutangaza. Na kwa kawaida hata jambo likiwa zuri, hasemi "hii imetoka mbinguni". Anasema tu hakuna kizuizi, watu wanaweza kusali. Kuna orodha ya dalili nzuri na dalili mbaya. Miongoni mwa zile mbaya ni mtu kutafuta faida, mamlaka au umaarufu kwa kutumia maono.

[08:32] Mwenyekiti: Faida kama shilingi 300 kwa mshumaa mmoja?

[08:34] Mwalimu Katekista: Mimi sijamhukumu mtu. Lakini kila tarehe 2 Februari Paroko anabariki mishumaa ya watu wote, chungu nzima mbele ya altare, na haombi hata peni. Kesho yake, Mtakatifu Blasi, anakuwekea miwili shingoni upone koo. Bure vile vile.

[08:40] Deno Boda: Kwa sababu tunaongea watakatifu. Kipande changu, kitambulisho, bado hakijapatikana na hao jamaa wa barabarani wananisumbua kila siku. Kukhu alisema ananiombea kwa Mt. Antoni. Imefika wapi?

[08:42] Kukhu Rosa: Brayo hapa. Kukhu anasema yuko siku ya saba ya novena, zile sala za siku tisa. Anasema na wewe utafute, Antoni hawezi kukuinulia godoro.

[08:43] Mama Zamu: Deno, lile jaketi lako la kung'aa ulilomwachia Zamu akufulie, umelipekua?

[08:44] Deno Boda: Mfuko gani

[08:44] Mama Zamu: Wa ndani. Ule wenye zipu iliyokwama.

[09:02] Deno Boda: AISEE

[09:02] Deno Boda: *Picha* Kimelowa kidogo lakini sura inaonekana

[09:03] Kevo: Hiyo sura afadhali ingelowa zaidi 😂

[09:04] Mama Nafula: Antoni wa Padua, utuombee! Tarehe 13 Juni naleta keki.

[09:05] Mama Pasta: Kwani aliyekipata ni Antoni au ni Mama Zamu?

[09:06] Mama Zamu: Mimi sitaki ugomvi na mtu aliyekufa 1231.

[09:06] Mwalimu Katekista: Mama Zamu! Hata mwaka unaujua?

[09:07] Mama Zamu: Nilisoma shule ya misheni, Mwalimu. Ulinichapa wewe.

[12:40] Kukhu Rosa: *Picha* Brayo hapa. Nimeangalia mishumaa. Ni myeupe, imefungwa utepe wa buluu, na kuna picha ya Mama Maria imebandikwa kwa gundi. Picha ilikuwa inainuka pembeni nikaimalizia kuibandua. Chini yake kuna kibandiko cha bei cha duka. 35.

[12:41] Deno Boda: Thelathini na tano 😭

[12:41] Mwenyekiti: Leo jioni mimi na Mwalimu tunaenda sokoni. Huyo mtu atarudisha pesa ya mama yetu.

[12:42] Kevo: Mimi nakuja na simu, tumrekodi.

[12:50] Kukhu Rosa: Kukhu anasema HAPANA. Ameniambia niandike kwa herufi kubwa.

[12:58] Kukhu Rosa: Anasema yeye amewasha mishumaa tangu Kanisa likisali Kilatini, mshumaa wa dukani anaujua akiushika tu. Yule muuzaji ni msichana mdogo, ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi, na miguu imevimba. Alinunua mmoja. Msichana akaanza kulia. Akanunua mitatu tena. Anasema mkienda kumrekodi na simu msimwite Kukhu tena.

[13:05] Mwalimu Katekista: Nimesikia, Kukhu.

[13:06] Mama Nafula: Sasa mbona asubuhi hakusema hivyo?

[13:07] Kukhu Rosa: Anasema hakuulizwa. Mliuliza bei.

[13:20] Mwenyekiti: Sawa. Sokoni hatuendi. Mama Nafula na akina mama wa jumuiya mtafuteni huyo msichana anaishi wapi, taratibu, bila kelele. Na suala la nauli ya Kukhu tulimalize. Subukia ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, tunatoka Ijumaa usiku. Nani anachanga?

[13:21] Kukhu Rosa: Kukhu anasema hachangiwi kama mazishi. Anauza mishumaa. Mmoja mia tatu, si kwa sababu umebarikiwa. Kwa sababu ni wa Kukhu.

[13:22] Deno Boda: Nachukua mmoja. Kwa kipande.

[13:23] Fundi Oduor: Mmoja. Nitauwasha Jumapili kwetu, na hakuna atakayeniuliza unatoka kanisa gani.

[13:25] Mama Zamu: Mmoja. Stima ikipotea sichagui dini.

[13:26] Mama Nafula: Wa mwisho ni wangu. Na naomba nirudishiwe ile picha ya Mama, Brayo usiitupe.

[13:40] Mwenyekiti: 1,200 imerudi. Orodha ya gari: Kukhu, Brayo wa kumshika mkono, Mwalimu, Mama Nafula na binti, Deno, mimi na mama watoto. Nane. Gari ni la siti 14. Kila mtu sweta, usiku wa upande ule unauma. Kukhu apewe fimbo nzuri, Njia ya Msalaba pale ni mlima, si mchezo.

[13:42] Fundi Oduor: Fimbo natengeneza mimi. Nina kipande cha mgunga.

[13:43] Mama Zamu: Mandazi ya njiani kwangu. Mje na ndoo yenye kifuniko, si ile ya mwaka jana iliyonuka mafuta ya taa.

[13:45] Mwalimu Katekista: Na wale wa kuchota maji ya chemchemi, kila mtu na chupa yake. Mwaka jana kuna mtu alibeba mtungi wa lita 20 tukakalia miguu yetu mpaka Eldoret. Simtaji.

[13:46] Mama Nafula: Nilikuwa nimetumwa na watu wengi!

[13:55] Mama Pasta: Siti ngapi zimebaki?

[13:56] Mwenyekiti: Sita. Mama Pasta unakuja Subukia??

[13:57] Mama Pasta: Msianze kushangaa. Mnanishusha Nakuru kwa dada yangu, amejifungua.

[13:58] Mwenyekiti: Nauli ni ile ile. Na rozari inaanza tukivuka Webuye, mafungu yote manne.

[13:59] Mama Pasta: Nitakaa nyuma.