Tumeuziwa "meli ya kitalii ukitokea nyumbani Dar", tukapanda basi kuifuata Mombasa, ikatuleta Dar na hatukuruhusiwa kushuka!

Wakuu poleni na majukumu. Mods, uzi huu msiuhamishie kule kwenye simulizi za safari. Hii si simulizi, ni malalamiko, na nina hasira zangu.

Kuna wakala wa utalii hapa mjini, ofisi yake ghorofani maeneo ya Posta. Jina silitaji kwa sababu malalamiko nimeshayapeleka yanakohusika na sitaki wapate pa kunishikia. Walimwaga tangazo Instagram: picha ya meli nyeupe, nyuma yake yale maghorofa pacha ya PSPF, na maneno "Hakuna ndege, hakuna usumbufu wa viza, unatoka kwako unapanda meli." Mimi picha hazinibabaishi. Kilichonivuta ni hilo la ndege. Mama yangu hapandi ndege, hata umlipe. Ni mtu wa Mtwara, amesafiri kwa meli tangu usichana wake, enzi zile masika yakianza barabara ya kusini haipitiki, kabla Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa 2003. Bahari haimtishi. Nikasema basi, mwaka huu mama nimtoe kidogo, akale vizuri, atazame maji, asisumbuliwe na mtu yeyote.

Bei wakaitaja kwa dola. Nikauliza, hizi kanuni za 2025 si zimekataza kutoza huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni? Dada wa mapokezi akacheka: "Kaka, meli ni ya nje." Kisha wakaigeuza kuwa shilingi kwa kiwango walichokijua wao wenyewe. Nikalipa. Risiti ya EFD nikaambiwa itakuja kwenye imeili. Haijaja mpaka leo.

Vocha ndiyo ikaja, safari imeshakaribia na likizo nimeshaomba. Sehemu ya kupandia meli: MOMBASA.

Nikapiga simu nikijua wamekosea kuandika. Jibu: "Mombasa si mbali kaka, ni hapo tu. Meli haichukui abiria Dar, inapita tu." Sasa lile tangazo? "Ile ni picha." Nikadai hela yangu. Ikishatumwa kwa kampuni ya meli hairudi. Usafiri wa kwenda Mombasa? Juu yako. Pa kulala? Juu yako.

Sasa fikiria. Mama mwenye magoti mabovu anatoka alfajiri, Chalinze, Segera, Tanga, anashushwa Horohoro na pasipoti yake na kadi ya homa ya manjano, anavuka Lungalunga anapanga foleni tena upande wa pili, halafu mwisho wa safari basi letu likatufikisha kwenye feri ya Likoni. Yaani tumekimbia pantoni la Kigamboni tukaenda kupanga foleni ya pantoni la Wakenya! Usiku tukalala gesti kwa hela yangu.

Niwe mkweli, meli yenyewe sina neno nayo. Ni ndogo, safi, wahudumu wana adabu, na mama tangu jioni ya kwanza alishawajua kwa majina. Mombasa pia wana jengo lao maalumu la abiria wa meli za kitalii. Unakabidhi begi, unakaa kivulini, unagongewa muhuri, unapanda. Hakuna kusukumana wala mtu wa kukwambia "ongea vizuri".

Tukang'oa nanga. Na bandari ya kwanza kwenye ratiba ilikuwa ipi? DAR ES SALAAM.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Meli inaingia asubuhi kwenye ule mlango mwembamba, kushoto Kigamboni, kulia Soko la Samaki Feri, pantoni limesimama linatusubiri tupite. Watu wamejaa juu yake wanapunga mikono na kutupiga picha wakidhani wote humu ni wazungu. Mdogo wangu yuko pale Feri anaongea nami kwa simu, mtandao ni wa hapa hapa, ananiambia nawaona, nawaona! Tukafunga gatini. Chini magari kutoka Japani yamepangwa mistari na mistari. Wajerumani na Wafaransa wakaanza kushuka, mabasi yanawasubiri, wengine wanakwenda Kijiji cha Makumbusho, wengine Mwenge kwenye vinyago.

Zamu yetu ilipofika, yule afisa wa meli akaangalia orodha yake, akaangalia tena. Majina yetu hayamo. Wakala hakuwasilisha taarifa za pasipoti zetu kwa muda unaotakiwa, kwa hiyo hatukuombewa kibali cha kushuka Dar. Aliomba radhi huyo kijana, Mfilipino wa watu, lakini sheria ni sheria, asiye kwenye orodha hashuki.

Nyumbani kwangu ni Mtoni kwa Aziz Ali. Kutoka geti la bandari hadi mlangoni kwangu ni bajaji moja tu, Barabara ya Kilwa moja kwa moja. Mama akaniangalia akauliza, "Kwa hiyo hapa ni Dar, sisi ni wa Dar, na Dar hatushuki?" Nikakosa la kumjibu. Akaagiza chai, akageuza kiti chake kikatazama Kigamboni, tukashinda hapo mpaka wazungu waliporudi na vinyago vyao.

Unguja tulikuwemo kwenye orodha, lakini kule meli ilikaa nje na abiria wanashushwa kwa viboti vidogo. Mama akaangalia ile ngazi inavyocheza juu ya mawimbi akasema nendeni nyie. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye boti za kawaida za Dar pale Malindi, bandarini Unguja. Saa mbili tu tungekuwa nyumbani! Lakini pasipoti ziko mapokezi ya meli, mabegi yako kabini, na tiketi inasema safari inaishia Mombasa. Tukaenda Nosy Be kule Madagaska (pazuri, nitapaandikia siku nyingine nikiwa na moyo), tukarudi Mombasa, tukapanda basi lile lile la Lungalunga. Tumepita mbele ya nyumba yetu kwa meli ili tukarudi kwa basi.

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi ya huyo wakala. Tapeli ni tapeli, atapatikana. Lakini uongo wake umepata nafasi kwa sababu Dar inapokea meli za kitalii kwa saa chache tu, haianzishi safari. Na tofauti ya hayo mawili ni hela nyingi. Meli ikipita, mgeni anashuka asubuhi, ananunua kinyago, anakunywa soda, jioni ameondoka, na chakula cha mchana ameshalipia melini. Safari ikianzia kwako, abiria analala hotelini kwako kabla ya kupanda na pengine baada ya kushuka. Meli inanunua mafuta, maji, mboga, samaki na mayai kwako. Teksi, wapagazi, wafua mashuka, wote wanakula. Na la muhimu kwangu mimi mwananchi: naweza kutoka Mtoni na begi langu nikapanda.

Wenzetu hilo wamelijua zamani. Marekani mtu wa Texas hajisumbui na Miami, bandari kubwa ya meli hizi, anaendesha gari lake hadi Galveston anaegesha anapanda. Wa Alabama ana Mobile, wa Maryland ana Baltimore. Ni kweli bandari ndogo kama Mobile na Baltimore zina kasoro zake, meli ni chache, na huchagui sana tarehe. Lakini daraja la Baltimore lilipogongwa na meli ya mizigo likaanguka Machi 2024 na mlango wa bandari ukaziba, meli ya kitalii iliyokuwa njiani kurudi ilishusha watu Norfolk, Virginia, na kampuni ikawarudisha Baltimore kwa mabasi bila kuwatoza. Bila kuwatoza! Mimi daraja halijaanguka, na basi nimelipa mwenyewe kwenda na kurudi.

Tusiende mbali. Durban wana kituo kipya cha abiria na meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikianzia hapo msimu wa kiangazi chao, zikienda hadi Pomene, Msumbiji. Mtanzania Afrika Kusini haombi viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Tatizo ni kufika Durban, na mama yangu hapandi ndege, tumeshaelewana. Hata Mombasa si jambo la jana. Miaka ya tisini African Safari Club walikuwa na kimeli chao, Royal Star, kinaanzia Mombasa kwenda Zanzibar na Shelisheli. Kwa hiyo msiniambie mwambao huu hauwezi.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza kujibu, ngoja niwajibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema "Dar ni bandari ya mizigo, kina hakitoshi kwa meli hizo", hilo la kina lifute. Gati namba 1 hadi 7 zimeboreshwa na kuchimbwa kufikia mita 14.5. Meli ya kitalii, hata zile kubwa za maelfu ya abiria, inazama kama mita 8 au 9. Na hiyo ya "ni ya mizigo", Durban ni ya nini? Mombasa ni ya nini? Zote zinashusha makontena usiku na mchana.

Uliyesema maharamia wa Kisomali, hapo una hoja, ila imepitwa na wakati. Meli ya kitalii Seabourn Spirit ilishambuliwa 2005, Nautica ikafukuzwa 2008, MSC Melody ikapigwa risasi karibu na Shelisheli Aprili 2009. Kampuni zikaogopa, bima zikapanda, meli zikatukimbia miaka mingi. Sawa. Lakini lile eneo la hatari walilokuwa wamelichora Bahari ya Hindi lilifutwa rasmi na vyama vya wenye meli tarehe 1 Januari 2023. Mashambulizi ya meli Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 ni kweli ni mabaya, ila yamefanya meli nyingi zizunguke Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Zinapita huku huku kwetu! Badala ya kuziuliza mnaweza kuchukua watu hapa, tunazipungia mikono kutoka kwenye pantoni.

Na wewe unayeniambia "masikini jeuri, ungempeleka mama Bagamoyo", mama yangu atakwenda anakotaka kwa hela ya mwanawe. Kaa kwa kutulia.

Kinachokosekana Dar mimi nakiona kidogo tu, na ndiyo maana kinaudhi. Ukumbi wa kukagulia mabegi na pasipoti ya watu mia chache ukae tayari siku ya meli. Gati ijulikane miezi kabla kwamba siku fulani ni ya abiria, meli ya magari isije ikachomekwa. Msimu wenyewe ni wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, si mwaka mzima, kwa hiyo hakuna atakayekufa kwa kuachia gati siku hizo. SGR inaleta watu kutoka Dodoma na Morogoro mpaka katikati ya mji, na Terminal 3 ipo tangu 2019 kwa wageni wanaotaka kuruka. Halafu angalia ramani: Mafia na papa potwe wake, Kilwa Kisiwani ambayo iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981, Pemba, Mtwara, Comoro. Meli ndogo ikianzia Dar ina pa kwenda kila usiku, na watu wa kusini watauza ngisi na korosho zao.

Kwa mawakala, nasema hivi: kama meli inapandiwa Mombasa, andikeni Mombasa, kwa herufi kubwa kama mlivyoandika OFA. Na ninyi wateja, kabla hujatoa hata mia, dai barua yenye jina la meli, bandari ya kupandia na bandari ya kushukia, dai leseni yao ya biashara ya utalii, na uulize kwa maandishi nani anawaombea vibali vya kushuka kila bandari.

Mimi barua yangu imeshafika Tume ya Ushindani, ikiwa na picha ya lile tangazo ambalo wamelifuta. Bahati mbaya kwao nililipiga skrini mapema. Najua hatukuwa peke yetu, kwenye basi kulikuwa na familia nyingine ya Tabata na mzee mmoja wa Upanga na mkewe, na lile grupu la WhatsApp walilolifunga lilikuwa na watu wengi kuliko hao. Kama ulikuwemo, njoo PM na muamala wako wa malipo, hata kama vocha umeipoteza. Tunapeleka kwa pamoja Jumatatu.