Mbu akipata badiliko la kdr, bado ni spishi ileile?

Mdadisi: Wakuu, Anopheles gambiae mwenye badiliko la kdr (badiliko la jeni linaloleta usugu) anastahimili pairethroidi, dawa ya kuua mbu iliyo kwenye chandarua; asiye nalo anakufa. Jeni zao zimeshatofautiana na tabia pia. Kwa nini wasihesabiwe spishi mbili? Yanahitajika mabadiliko mangapi?

Hadubini: Hakuna idadi, mkuu. kdr ni herufi moja ya DNA kwenye jeni ya mfereji wa sodiamu, protini ya neva inayolengwa na pairethroidi: nafasi ya 1014 ya protini hiyo, asidi amino ya leusini inakuwa serini (aina iliyogunduliwa kwanza Kenya) au fenilalanini (ilianzia Afrika Magharibi). Cha kuuliza ni kama jeni zinapita wakipandana. Mwenye kdr na asiye nayo wanazaa watoto wazima, na watoto hao wanazaa vizuri tu, kwa hiyo ni spishi moja. Mweke sasa An. arabiensis kando ya gambiae: hata chini ya hadubini huwatofautishi, lakini chotara wao wa kiume ni tasa.

Ziwani: Ila chotara wa kike hapo wanazaa, kwa hiyo mpaka unavuja. Na An. coluzzii je? Hadi 2013 aliitwa tu umbo M la gambiae. Chotara wa hawa wawili wanazaa, wa kike na wa kiume. Kinachowatenga ni kwamba mara nyingi madume hukusanyika jioni katika makundi tofauti, hivyo majike hukutana zaidi na wa kwao. Pamoja na hayo, kdr ya Afrika Magharibi ilivuka kutoka gambiae ikaingia coluzzii. Badiliko moja, spishi mbili! Tafadhali msilitumie kutambulisha spishi.

Hadubini: Kweli kabisa. Ndiyo maana maabara hufanya PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kukisoma) mbili. Ya spishi husoma DNA ya ribosomu: kipande kinachoonekana kama mstari wa urefu wa herufi 390 ni gambiae au coluzzii (hapo bado hujawatenganisha), wa 315 ni arabiensis. Ya kdr hufanywa peke yake.

Maabara: Naongeza mitego miwili. Toa DNA kwenye mguu, si mwili mzima, kwa sababu jike aliyekwisha kupandwa ana mbegu za dume tumboni, na kdr ya dume inaweza kusomeka kama yake. Pili, kwa gambiae na arabiensis DNA hiyo ya ribosomu iko kwenye kromosomu X. Dume chotara ana X moja tu, ya mama, hivyo PCR itamwandika spishi ya mama na chotara atakupita bila kumwona. Ukimshuku, pima alama za kromosomu nyingine.