Safari ya siku moja kutoka Osaka: Nara, Kobe au Himeji, wapi msosi unalipa?

Mgeni_Namba
Wakuu habarini. Niko Osaka na waifu, tumefikia mtaa wa Namba, zimebaki siku mbili za kutoka asubuhi na kurudi usiku. Ya kuangalia tumeshapanga, kazi iko kwenye tumbo. Waifu hagusi kiti moto wala chochote chenye pombe, mimi nakula kila kitu. Nimebaki na Nara, Kobe na Himeji. Mliopita huko nipeni mwongozo.

PaaMlaRamani
Nara nenda ila usiende kwa ajili ya kula. Treni ya Kintetsu toka Namba ni yeni 680, dakika arobaini hivi umefika. Chakula chao chenyewe ni kakinoha-zushi, wali umebanwa na kipande cha kibua au samoni halafu wakafunga kwenye jani la mti wa persimoni. Jani haliliwi, unalibandua tu. Nunua boksi hapo hapo karibu na steshini, maana sisi tulijifanya tutakula baadaye tukafika mgahawani saa nane na nusu wanageuza kibao, wanafungua tena saa kumi na moja jioni, na watoto wanalia njaa. Halafu msile mbele ya wale wanyama paa wanaozurura mjini!! Mmoja alimpokonya mwanangu ramani akaitafuna yote. Na zile biskuti zinazouzwa njiani ni za paa, sio zenu. Waifu akiona achari za narazuke azipite, zinavundikwa kwenye machicha ya sake, pombe ya mchele.

BintiBara
Kwa shemeji hapo jibu ni Kobe, mbona rahisi. Msikiti wa kwanza Japani uko pale, wa mwaka 1935, ulipona mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995, na mitaa ya kuuzunguka ina maduka na migahawa ya halali ya Wapakistani na Wahindi. Mnatembea toka steshini ya Sannomiya. Nilikaa wiki tatu nakula tambi na samaki, siku niliyopata sahani ya wali wa viungo pale nilinyamaza kimya hadi nikamaliza.
Chinatown ya Nankinmachi ndo muwe macho, zile mandazi nyeupe za mvuke zinanukia vizuri balaa lakini butaman ni kiti moto. Herufi yake ni hii 豚, ipigeni picha muiweke kwenye simu, ukiiona kwenye menyu unapita.
Nyama ya Kobe ni ng'ombe wa aina ya Tajima aliyezaliwa na kukuzwa mkoa wa Hyogo, kama unaitaka, kula mchana, jioni bei inapaa. Ila shemeji aulize kwanza kama ni halali, sio kwa sababu ni ng'ombe basi ni halali.

Pweza_wa_Pwani
Yaani mnataja Kobe na Himeji mnairuka Akashi iliyo katikati?? Treni ni ile ile, JR ya shinkaisoku, yaani ya haraka, toka Osaka, haina nauli ya ziada, chini ya dakika arobaini. Nje ya steshini upande wa kusini kuna soko la samaki linaitwa Uonotana, pweza wabichi kwenye mabeseni wengine bado wanatambaa, mimi mtu wa pwani nilisimama pale kama niko nyumbani.
Kula akashiyaki. Wenyeji wanaita tamagoyaki. Kikaango chake ni cha shaba kina mashimo kama cha vitumbua kabisa, wanamimina mayai mengi na unga kidogo, kipande cha pweza katikati, wanageuza kwa vijiti. Inakuja imepangwa juu ya kibao cha mbao kilichoinama, pembeni bakuli la supu ya moto. Sio kama takoyaki, vile vidonge vya pweza vya Osaka vinavyomwagiwa sosi juu, hii ni laini mno, ukiishika vibaya inapasuka, unaichovya kwenye supu unaitia mdomoni nzima nzima. Ya kwanza iliniunguza ulimi nikaendelea tu.

Mgeni_Namba
Mkuu umeniua hapo kwenye vitumbua. Ila hiyo supu ina nini, waifu ataweza?

Pweza_wa_Pwani
Msingi wake ni samaki mkavu na mwani. Mtego ni mirini, ile pombe tamu ya mchele wanayoikolezea vyakula, na soya nyingine pia zina alkoholi. Aulize kabla hajakaa. Wakisema imo, yeye ale samaki wa kuchoma kwa chumvi.

Fundi_Saa
Himeji mnaionea. Kwenye jukwaa la steshini kuna ekisoba, tambi za Kichina ndani ya supu ya Kijapani, inauzwa tangu 1949, unakula umesimama dakika tano unaenda zako kwenye ngome. Kuna na oden, mchemsho wao wa vipande mchanganyiko, wanakula na soya na tangawizi, tamu wakati wa baridi.

BintiBara
Kula umesimama na mke? Siku ya fungate??

Fundi_Saa
Nani kasema fungate 😂

Mgeni_Namba
Sio fungate, mwaka wa tisa huu. Basi kesho Akashi tufike kabla ya saa sita, jioni tukirudi tunashuka Kobe waifu ale wali wake kwa amani. Keshokutwa Nara na boksi la majani. Himeji nisamehe Fundi. Waifu anauliza, hizo akashiyaki zinaliwa na pilipili?

Pweza_wa_Pwani
Mimi niliweka shichimi, pilipili yao ya unga yenye viungo saba, haiwashi hata kidogo. Bebeni yenu.