Tui la nazi: la kukuna, la kopo au la unga? Nina wageni Jumamosi

BintiPangani:
Habari zenu wapishi. Nimezaliwa Pangani, sasa ni mwaka wa pili nipo Dodoma kikazi. Nyumbani nazi ilikuwa kama chumvi, haikosekani. Huku Soko la Majengo zipo, ila kwa pesa ya nazi mbili za kwetu napata moja, na mara ya mwisho kati ya nne nilizonunua mbili zilikuwa zimeoza ndani. Halafu natoka kazini saa kumi na moja jioni. Kukalia mbuzi ya kukunia nazi saa hiyo watoto wakiwa na njaa kunanishinda.

Jumamosi nina wageni kumi, mama mkwe wangu wa Tanga akiwemo. Nataka wali wa nazi, maharage, kisamvu na samaki wa kupaka. Kabatini nina makopo mawili ya tui (mililita 400 kila moja) na paketi ya unga wa nazi. Najua la kukuna ndilo zuri, hilo tusibishane. Ninachotaka kujua ni wapi naweza kutumia la dukani bila kuharibu chakula, na wapi nisithubutu.

JikoKisauni:
Mwanangu, umeuliza vizuri, maana watu hubishania utamu tu wakasahau tui lina kazi gani sufuriani.

Nazi ukiikuna hukupa matui mawili. La kwanza unakamua kwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja hivi: hilo ndilo zito, kasimile, wengine huliita tui bubu. Kisha unaongeza maji kwenye chicha lile lile, yaani nazi uliyokwisha kuikamua, unakamua tena kwenye kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, unapata jepesi. Mapishi yetu ya pwani yamejengwa juu ya hayo mawili. Kisamvu, mbaazi, maharage, vyote huchemkia kwenye jepesi mpaka viive, halafu kasimile hutiwa mwisho, likianza kutokota tu unaepua. Ile harufu ya nazi mbichi inayopanda ukifunua sufuria inatoka kwa hilo la mwisho, kwa sababu halikukaa motoni.

Kopo hukupa tui moja, nalo limeshapikwa kiwandani kabla hujalifungua. Kwa hiyo wali pika kwa kopo, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Mchele unalinywa tui lote na kuiva nalo, ukitia na iliki mbili tatu wengi hawatajua. Nazi nzuri ulizonazo zipeleke kwa samaki na kisamvu.

BintiPangani:
Asante sana mama. Na maharage?

JikoKisauni:
Maharage ni katikati. Kopo linafaa, ila usilitie mapema. Yaive kwanza kwa maji na kitunguu, tui liingie dakika kumi za mwisho.

MsomajiLebo:
Nimesoma sayansi ya chakula, naomba niongeze upande wa kopo. Makopo hayafanani hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka tui la nazi lisipungue asilimia 10 ya mafuta, krimu ya nazi isipungue 20, na lile hafifu linaruhusiwa hadi 5. Mtu akinunua hafifu kwa kuona bei nafuu, halafu akaongeza maji, anapika wali wa maji.

Geuza kopo usome viambato. Zuri lina nazi na maji, pengine na kitu kimoja cha kulihifadhi. Mengi yana gundi ya guar (E412) au E435, vinavyozuia mafuta yasijitenge na maji. Havina ubaya wa kutisha, na vina faida moja kubwa: tui hilo halikatiki kirahisi. La kukuna ukiliacha lichemke kwa nguvu bila kukoroga, au ukakamulia ndimu mapema, linakatika na mafuta yanaelea juu.

Kama kopo lako halina gundi, liweke friji usiku kucha bila kulitikisa. Asubuhi mafuta yatakuwa yamepanda juu. Yachote kwa kijiko, hiyo ndiyo kasimile yako. Maji ya chini yawe tui jepesi. Lenye gundi halitajitenga vizuri, usipoteze muda nalo.

Mswahili_Muscat:
Mie huku Muscat nimeishi na unga wa nazi miaka mingi. Nazi kavu za dukani zinatoka India na Sri Lanka, nyingine zimekaa safarini mpaka zina harufu ya mafuta ya zamani. Minazi yenyewe ipo Salalah, ila kule kando ya barabara wanauza madafu zaidi.

Unga una sifa ambayo kopo halina: unaongeza nazi bila kuongeza maji. Mchuzi umekuwa mwepesi? Koroga vijiko viwili na maji ya moto kidogo mpaka ulainike kama uji wa mtoto, ndipo utie. Ukiumwaga mkavu kwenye sufuria inayochemka unashikana madonge. Kwa vitumbua na mkate wa kumimina mimi siutafuti mwingine. Kwa samaki wa kupaka, hapana. Rojo lake lina ladha ya maziwa ya unga, na samaki anakulaumu.

MamaWawili:
Hapo kwenye maziwa naomba kila mtu asome polepole. Mwanangu wa pili hapatani na maziwa ya ng'ombe. Nilimpikia wali kwa unga wa nazi nikiamini nazi ni nazi, usiku akavimba midomo na kuwashwa mwili mzima, tukakimbilia hospitali. Kumbe nyuma ya paketi, kwa maandishi madogo, imeandikwa "sodiamu kaseineti". Ni protini ya maziwa, wanaitia ili unga uchanganyike na maji vizuri. Unga wa aina nyingi unayo. BintiPangani, waulize wageni wako kabla ya Jumamosi.

BintiPangani:
Pole sana dada, nashukuru umesema. Nimetazama paketi yangu sasa hivi, ipo. Mtoto wa wifi yangu ana tatizo hilo hilo. Unga nauweka kando kabisa.

Chamwino_Jiko:
Karibu Dodoma dada. Kuhusu nazi sina ushauri, sisi mboga zetu tunaunga kwa karanga. Ila nataka kusema kuwa kikavu si lazima kiwe mbadala wa kibichi. Mlenda wetu tunaukausha juani na kuusaga, na bibi zetu walikuwa na mlenda mbichi masika yote lakini bado walitunza mkavu. Ladha yake ni nyingine, imekolea, na ukila na ugali wa uwele hutatamani ule mbichi. Jua linakausha jani, haliongezi kitu. Kopo na paketi ni habari tofauti.

JikoKisauni:
Kweli kabisa ndugu yangu. Hata papa mkavu kwetu si mbadala wa papa mbichi, ni chakula chake mwenyewe.

Binti, kuhusu kuchagua nazi: itikise sikioni, maji yalie. Tazama yale macho matatu, yawe makavu. Ukiona unyevunyevu au ukungu, irudishe. Na ukishaivunja onja maji yake kabla hujaanza kukuna. Maji yakiwa machachu, nazi hiyo usiichanganye na nzima.

BintiPangani:
Narudi na majibu, leo Jumapili. Nilinunua nazi tano kwa kufuata macho na sauti, zote zikawa nzima. Sikukuna; nilikatakata vipande nikasaga kwa blenda na maji ya vuguvugu, nikachuja kwa kitambaa. Wali kwa makopo mawili. Maharage, kisamvu na samaki kwa nazi zenyewe.

Wali ulisifiwa, hakuna aliyeuliza. Maharage mazuri. Kisamvu mama mkwe aliongeza mara mbili, na kwa mkono wake. Samaki ndiye aliyenisumbua: rojo lilianza kukatika kwa sababu nilitia ukwaju tui likiwa bado linachemka. Niliepua haraka nikakoroga, likatulia, ila halikumshika samaki kama nilivyotaka. Wiki ijayo najaribu ukwaju mwishoni, moto ukiwa chini.

Mama mkwe anarudi Tanga Jumanne, amesema atanitumia nazi kumi kwa basi. Nizihifadhije?

JikoKisauni:
Zikune zote siku moja, usikamue. Gawa kwenye mifuko, nazi moja kila mfuko, uibonyeze iwe bapa ndipo ugandishe. Tui lililogandishwa hujitenga likiyeyuka, ila nazi iliyokunwa inakaa. Ukitoka kazini unamwagia maji ya moto kwenye mfuko mmoja, unakamua, na matui yako mawili unayo.