Hisa za kampuni zinazokua bila faida, hisa za gawio, au hatifungani: milioni 6 za korosho ziende wapi?

Mkochi_Masasi
Wadau, naomba ulinganisho. Mtu ana milioni 6 baada ya minada ya korosho kulipa. Njia anazoziona ni tatu: kampuni zinazopanuka kwa kasi huku zikiandika hasara, kampuni za gawio (zinazowagawia wenye hisa sehemu ya faida) pale DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Nani anaweza kuzitofautisha kwa hesabu?

Hesabu_Mikindani
Mkuu, anza na hasara yenyewe, maana hasara hazifanani. Chukua kampuni mbili za mfano, kila moja inauza bilioni 20 kwa mwaka na kupoteza bilioni 4.

Ya kwanza, kwa mabilioni: gharama ya bidhaa 12, ofisi na mishahara 5, matawi mapya na matangazo 7. Ikisimamisha upanuzi leo, inabaki na faida ya bilioni 3. Hasara yake ni ya kuchagua.

Ya pili: gharama ya bidhaa 21, ofisi 2, upanuzi 1. Hata ikiacha kupanuka, bado inapoteza 3. Hii inauza kwa bei iliyo chini ya gharama, kwa hiyo kadiri inavyouza zaidi ndivyo shimo linavyopanuka.

Mstari wa mwisho wa hesabu unasoma sawasawa kwa zote mbili. Tofauti iko kwenye faida ghafi, yaani mauzo ukiondoa gharama ya bidhaa. Usinunue kabla hujauona mstari huo kwa miaka mitatu mfululizo.

DadaWaNewala
Hapo umegonga penyewe. Mkorosho wa miaka miwili hauna korosho na hakuna anayeukata. Wa miaka kumi na mbili ulioliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, nao hauna korosho. Kikapu ni kitupu kwa yote miwili, lazima uangalie jani na ua.

Ila kaka, faida ghafi peke yake haitoshi. Angalia fedha zitafika wapi. Kampuni yenye bilioni 9 benki, inayotumia milioni 500 zaidi ya inachoingiza kila mwezi, ina miezi 18 tu. Na haisubiri mwezi wa 18, itatafuta mtaji mapema kwa kukopa au kutoa hisa mpya. Zikitolewa hisa mpya, fungu lako linapungua: ulikuwa na hisa 10,000 kati ya milioni 10, sawa na asilimia 0.1. Zikiongezwa milioni 5 nawe hukununua, umebaki na asilimia 0.067. Kampuni imekua, fungu lako limesinyaa.

Hesabu_Mikindani
Kweli dada. Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, ndiyo wengi huitaja: iliuza hisa kwa umma Mei 1997, na faida ya kwanza ya mwaka mzima ikaja 2003. Kinachosahaulika ni kwamba hisa iliyopita dola 100 mwishoni mwa 1999 ilishuka chini ya dola 6 mwaka 2001. Kilichoisaidia kuvuka ni fedha: Februari 2000 ilikopa euro milioni 690 kwa hatifungani, na mwezi uliofuata soko likaanza kuporomoka. Tena mteja wake alilipa mara moja, mwenye bidhaa akalipwa baadaye, hivyo mauzo yenyewe yalikuwa yakiipa fedha za kuzungusha.

Upande wa pili, Jumia, duka la mtandaoni la Afrika, iliingia soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, na Novemba mwaka uleule ikafunga huduma zake Tanzania. Kampuni inayopanuka kwa fedha za wawekezaji hukata kwanza masoko yasiyojilipa.

Kilwa_Kivinje
Ongezeni riba. Faida ya kampuni hizi iko mbali, na shilingi ya mbali hupungua thamani riba ikipanda. Shilingi 100 za miaka kumi ijayo, kwa riba ya asilimia 5, leo zina thamani ya 61. Kwa asilimia 12 zinabaki 32. Ndiyo maana Marekani ilipopandisha riba 2022, hisa za aina hii ziliumia sana.

Gawio ni hesabu nyepesi: hisa 1,000 zikitoa shilingi 50 kila moja ni 50,000, kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE ni asilimia 5, unapata 47,500. Hatifungani inaanzia milioni 1 na riba hulipwa kila miezi sita.

DadaWaNewala
Sasa kalenda, na hapa ndipo watu wetu wa Kusini wanapoumia. Korosho inalipa kuanzia Oktoba, lakini palizi na salfa (dawa ya ubwiriunga) zinadai fedha katikati ya mwaka. Ukiziweka kwenye hisa za kampuni ndogo ndogo, Juni utatoa oda ya kuuza na mnunuzi hayupo, au yupo kwa bei ya chini. Unauza kwa hasara kampuni ambayo haina kosa lolote.

Ningegawa hivi: milioni 1.5 ya palizi na salfa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao unaweza kutoa fedha zako haraka), milioni 3 hatifungani, milioni 1 hisa za gawio, na laki 5 tu kwa kampuni inayokua.

Kilwa_Kivinje
Kwa kijana asiye na mzigo wa ada, mimi ningepeleka hiyo milioni 1 ya gawio huko kwenye ukuaji pia. Lakini anunue kwa mafungu manne, kila fungu baada ya kusoma hesabu mpya.

Mkochi_Masasi
Nimewaelewa. Kuna wanaouza hisa za kampuni changa kwenye magrupu ya WhatsApp, wakisema wataingia DSE mwakani. Hao je?

Hesabu_Mikindani
Mwombe waraka wa matarajio (unaoeleza kampuni na hisa inazouza) ulioidhinishwa na CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, kisha upigie CMSA wenyewe kuthibitisha, usitumie namba aliyokupa muuzaji. Hana waraka, usitoe hata shilingi. Akiwa nao, fungua sehemu ya matumizi ya fedha. Ikiwa sehemu kubwa inakwenda kulipa madeni ya wakurugenzi badala ya kufungua matawi, hiyo haipanuki. Halafu tafuta taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa shughuli za uendeshaji: linganisha mwaka huu na uliopita dhidi ya mauzo. Mauzo yamepanda mara mbili na fedha zinazotoka zimepanda mara tatu, mwache aendelee na wengine.

Mkochi_Masasi
Ninao waraka mmoja hapa, kurasa 84. Naanza na sehemu hiyo ya matumizi ya fedha.