Tupeane uzoefu: elimu ya afya kwa lugha mbili wakati wa janga

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, wengi wetu tuliojitolea kuelimisha jamii tulijikuta wakalimani bila kuisomea kazi hiyo. Naomba tusimuliane yaliyotukwamisha. Mimi nilikwamishwa na neno "chanya". Nilimtafsiria mama mmoja majibu yake ya kipimo cha virusi neno kwa neno katika lugha ya kwao, naye akashukuru na kuanza kufungasha vitu arudi kwa wajukuu, kwa kuwa alielewa kwamba majibu ni mazuri. Tangu siku hiyo nasema: "Virusi vimeonekana mwilini mwako."

Mchangiaji wa 1
Kwetu ilikuwa karantini. Lugha ya wazee wetu ina neno moja tu la kumtenga mtu, nalo ni la mgonjwa. Utamwambiaje mtu mwenye afya yake, aliyekaa tu karibu na mgonjwa, kwamba naye ajitenge? Tuliacha kutafuta neno, tukaeleza kwamba dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 14 na kwamba mtu huweza kuambukiza wengine kabla hajajisikia vibaya. Yalikuwa maelezo marefu, lakini ugomvi ulipungua.

Mchangiaji wa 2
Sisi tulibandika mabango yenye safu mbili, ya kwanza kwa lugha rasmi na ya pili kwa lugha ya wazee wetu, tukadhani tumemaliza. Kumbe wazee wanaozungumza ile lugha ya pili hawakuwahi kufundishwa kuisoma, na vijana wanaojua kusoma walisoma safu ya lugha rasmi. (Nadhani safu ya pili ilimfurahisha mfadhili peke yake.) Ndipo tukarekodi ujumbe mfupi kwa sauti ya mkunga anayeaminika, ukasambazwa kwa simu.

Mchangiaji wa 3
Msiwape watoto kazi ya ukalimani. Nilikuwa mtoto huyo: daktari alisema mambo mazito, nami nikambakizia bibi yale mepesi tu.

Mwanzisha mada
Mchangiaji wa 2, mlijuaje kwamba ujumbe umeeleweka?

Mchangiaji wa 2
Tulimwomba msikilizaji aueleze kwa maneno yake, kisha mtu ambaye hakuliona andiko la awali akaurudisha katika lugha rasmi. Mara ya kwanza, "kaeni umbali wa mita 1" ilirudi ikiwa "msiwasogelee ndugu zenu", nasi tukarekodi upya.